Maoni ya Mtaa Si Saini na Soda

Kuna maneno mawili ambayo kila kijana wa Nairobi ameyasikia mpaka yamechakaa: wananchi walihusishwa. Barabara ikipita katikati ya soko, wananchi walihusishwa. Uwanja wa mpira ukigeuka kuwa kituo cha magari, wananchi walihusishwa. Ukiuliza ni wananchi gani hao, unaonyeshwa karatasi iko na majina, namba za kitambulisho na saini. Stori imeisha hapo.

Leo nataka tuongee kuhusu hiyo karatasi. Kukusanya maoni ya mtaa ni kazi kama kazi nyingine, na iko na njia yake. Ikifanywa vibaya, hata watu elfu moja wakijaa kwa ukumbi, hakuna maoni yamekusanywa. Ikifanywa vizuri inaweza kuanza na milango kumi tu. Na Nairobi hii yetu ishawahi kuifanya vizuri, kwa hivyo mtu asituambie ati haiwezekani.

Ukumbi, projekta na soda

Wacha niwaambie kwanza kwa nini jambo hili linanihusu. Mathe yangu ako na kibanda cha mboga karibu na stage ya mtaa wetu, huku Eastlands. Amekaa hapo miaka kumi na moja. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwa hicho kibanda, sukuma kwa sukuma, nyanya kwa nyanya. Mwaka jana tukasikia mtaa unapangwa upya: barabara za ndani, mitaro, taa, soko. Poa sana. Mtu yeyote ambaye amewahi kuvuka huku kwetu wakati wa mvua anajua tunahitaji hivyo vitu.

Tangazo likabandikwa kwa ofisi ya chifu siku ya Jumatatu. Mkutano ulikuwa Jumatano, saa nne asubuhi.

Hebu fikiria ni nani ako huru Jumatano saa nne asubuhi. Msee wa mjengo ako mjengo. Dada wa kiwandani ako kwa zamu. Mwanafunzi ako darasani, bodaboda ako barabarani, mathe ako kwa kibanda akikata sukuma. Mimi nilienda kwa sababu kazi yangu ya kamera huwa jioni na wikendi. Nilikuta watu kama sitini, wengi wao wazee wenye ploti, wachache wapangaji, na vijana tulikuwa watano.

Mwanamume mmoja wa shati safi akawasha projekta, ramani ikatokea ukutani. Ilikuwa na rangi nyingi, maandishi yote Kiingereza, tena madogo hivi kwamba mimi wa safu ya pili sikuweza kuyasoma. Akaongea kama dakika arobaini. Halafu akauliza, "Mnataka barabara nzuri?" Ukumbi ukajibu, "Ndiooo!" "Mnataka taa?" "Ndiooo!" "Mnataka soko la kisasa?" "Ndiooo!" Mwenzake akaandika kitu kwa daftari. Soda zikaja. Karatasi ya saini ikapita. Mwisho tukapewa pesa kidogo ya nauli, na kila mtu akashika njia yake.

Watu wakiwa kwa soda mimi nikasogea mbele nikaangalia ramani kwa karibu. Pale kibanda cha mathe kilipo, pamoja na vibanda vingine kumi na tatu, palikuwa pamepakwa rangi ya kijivu. Nikauliza, "Samahani, mkubwa, hii kijivu ni nini?" Akanijibu vizuri tu, bila ukali: maegesho ya magari. Na kile kichochoro cha nyuma ya msikiti ambacho watoto hupitia wakienda shule, kwa ramani hakikuwepo kabisa. Palichorwa ukuta.

Sasa angalia hesabu yake. Watu sitini wamesema ndio. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa kuhusu hiyo kijivu. Lakini ripoti ikifika ofisini itasema wakazi wameunga mkono mpango. Huwezi kuiita uongo, kwa sababu kweli walisema ndio. Ila hawakuambiwa wanasema ndio kwa nini.

Ndio maana mimi simwekei yule wa projekta lawama zote. Alitumwa saini, akaleta saini. Tatizo kubwa lilikuwa swali lenyewe. "Mnataka barabara?" ni kama kumuuliza mtu mwenye njaa kama anataka chakula. Swali la kweli ni: barabara ipite wapi, iwe na upana gani, na ni mlango wa nani utaondoka ndio ipite? Ukiuliza hivyo, hakuna ukumbi utajibu "ndiooo" kwa pamoja. Watu watanyamaza kwanza, halafu wataanza kubishana. Hapo ndipo maoni yanaanza.

Hatuombi msaada

Wasee wengi wa rika langu hudhani kuhusishwa ni roho safi ya mwanasiasa. Kwamba akijisikia anatuita, asipojisikia anaacha. Hapana.

Katiba ya 2010, kifungu cha 10, imeweka ushirikishwaji wa wananchi kati ya maadili ya kitaifa yanayomfunga kila afisa wa serikali. Kifungu cha 184 kinadai sheria ya miji iweke njia za wakazi kushiriki katika uendeshaji wa mji wao. Ukienda kwa Jedwali la Nne, kazi moja ya kaunti ni kuhakikisha jamii zinashiriki katika utawala wa mashinani, tena kuzisaidia zipate uwezo wa kufanya hivyo. Kwa hivyo si mtaa utajijua. Kaunti inafaa kuusaidia mtaa ujue.

Halafu kuna Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 115. Hicho kifungu ningependa kila kijana akijue vile anajua nambari ya matatu ya kwao. Kinasema ushiriki wa umma katika upangaji wa kaunti ni lazima, na kwamba umma upewe habari zilizo wazi, zikiwemo matokeo yanayotarajiwa, chaguzi zilizopo na gharama ya kila chaguo.

Soma hapo tena polepole. Chaguzi, kwa wingi. Kwa ukumbi wetu kulikuwa na ramani moja. Mtu akikuletea ramani moja iliyokamilika, amekuja kukujulisha. Akikuletea ramani mbili au tatu, akakuambia hii inagharimu hivi na inaondoa vibanda hivi, ile inagharimu vile na inaacha vibanda lakini barabara inakuwa nyembamba, huyo amekuja kukuuliza.

Na mahakama ishawahi kusema jambo hili. Mwaka 2014 Mahakama Kuu, Jaji George Odunga, ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukuhusishwa ipasavyo. Msimamo wa korti ulikuwa kwamba ushiriki lazima uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza tu sheria, na kwamba wakubwa wanafaa kuwafuata watu mahali watu walipo: makanisani, misikitini, hekaluni, kwa mabaraza, kwa redio za kitaifa na za lugha za mama. Hiyo ilikuwa kesi ya kodi na ada za Kiambu, lakini mantiki yake inaingia moja kwa moja kwa ramani ya mtaa. Karatasi moja kwa ukuta wa ofisi ya chifu, siku mbili kabla, haiwezi kuitwa kuwafuata watu.

Vile Mukuru walifanya

Ukitaka kujua kama mambo haya yanaweza kufanywa kwa mtaa mkubwa, wenye msongamano, wenye kesi za ardhi, angalia Mukuru.

Mukuru ni mitaa mitatu iliyoshikana karibu na Industrial Area: Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Kaya ni takriban laki moja, kwa zaidi ya ekari 600. Sehemu kubwa ya hiyo ardhi iligawiwa watu binafsi miaka mingi nyuma ili wajenge viwanda, viwanda vingi havikujengwa, na watu wakajenga nyumba za mabati. Wengi wanaoishi hapo ni wapangaji. Kwa hivyo kuna mwenye hati ya ardhi, kuna mwenye mabati, na kuna anayelala ndani ya hayo mabati. Ukisema "wananchi wa Mukuru waseme," unamaanisha yupi kati ya hao watatu?

Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la upangaji. Maana yake ni kwamba kwa muda fulani ujenzi mpya unasimamishwa, mpango unatengenezwa, na mpango huo unaweza kutumia vipimo vinavyofaa mtaa ulivyo badala ya vile vya mitaa yenye nyasi mbele ya nyumba. Tangazo hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu la wakazi wa mitaa ya mabanda lililozaliwa miaka ya 1990 wakati wa kupinga kubomolewa, pamoja na watafiti, walikuwa wameingia mlango kwa mlango wakakusanya data. Wakaonyesha kwamba mkazi wa Mukuru anayenunua maji kwa mtungi, ukihesabu kwa kila mita ya ujazo, analipa zaidi kuliko mtu wa mtaa rasmi mwenye bomba ndani ya nyumba. Maskini analipa zaidi apate kidogo. Ukiwa na data kama hiyo mkononi, hakuna mtu atakuambia ati wewe unapiga kelele tu.

Baadaye zaidi ya mashirika 40 yakaingia, vikiwemo vyuo vikuu, wakagawana kazi kwa makundi: maji na usafi, afya, nyumba na barabara, elimu, ardhi na sheria, fedha. Lakini kitu kilichonishika mimi hakikuwa hao wataalamu. Ni vile walipanga wakazi. Milango kumi ilikuwa kundi moja, na kundi likachagua mwakilishi. Makundi kumi yakaungana yakawa milango mia. Yakaendelea kuungana hivyo hadi kufikia sehemu nzima ya mtaa, na ramani ikajadiliwa kwa kila ngazi.

Anti yangu amepanga huko Reuben tangu nikiwa mtoto, na yeye alikuwa kwa mojawapo ya hayo makundi. Nilimuuliza ilikuwaje. Akaniambia, "Mwanangu, mkutano mkubwa ni wa wenye sauti kubwa. Kwa ule wa milango kumi hata mimi niliongea, kwa sababu wote waliokuwa hapo wanajua choo changu kiko wapi."

Hiyo ya choo ilinichekesha, halafu ikanifikirisha. Kwa ukumbi wa watu mia tatu, mama hawezi kusimama aseme kwamba usiku haendi chooni kwa sababu njia ni giza na kuna vijana wamekaa hapo. Atasema "tunataka taa" kama wengine, na taa itawekwa pale mkubwa anataka, pengine mulika mwizi moja kubwa kando ya barabara kuu. Kwa kikao cha milango kumi atasema ni kona gani na saa ngapi, na pengine hata ni kina nani. Hapo taa inajua pa kusimama.

Kuhusu barabara pia, huko swali liliulizwa vizuri. Kanuni za kawaida za upangaji zinapenda barabara pana. Mukuru, kila mita ya upana ni milango ya watu. Kwa hivyo mjadala ukawa: ni njia gani zilizopo tayari zipanuliwe, zipi zibaki za miguu, na mabomba ya maji na majitaka yapite wapi ili nyumba chache iwezekanavyo ziondoke. Kule Reuben kampuni ya maji ya jiji ikaanza mfumo wa majitaka uliorahisishwa, mabomba membamba yasiyochimbiwa chini sana, yanayoweza kupita kwa vichochoro. Hiyo ndiyo faida ya kumuuliza mtu anayeishi kwa kichochoro: mtaalamu analazimika kutafuta bomba linaloingia hapo, badala ya kubomoa mtaa ndio bomba lake la kawaida lipite.

Sisi vijana tunaingilia wapi

Najua kuna mtu anasoma hapa akisema, "Sawa, lakini hizo ni mambo za wazazi." Zi. Robo tatu ya maisha ya mtaa iko nje ya nyumba, na nje ya nyumba ndio sisi hukaa: kwa base, kwa uwanja, kwa stage, kwa njia za shule. Tunajua vichochoro kuliko mtaalamu yeyote wa ramani.

Na ushahidi uko. Mwaka 2009 Kibera ilikuwa doa tupu kwa ramani nyingi. Watu kwa maelfu na maelfu, na kwa ramani hakuna kitu. Vijana wa hapo hapo wakachukua vifaa vya GPS, wakatembea njia kwa njia wakiweka alama: choo, zahanati, shule, maji, kanisa, mahali pa hatari usiku. Ikaitwa Map Kibera, na ikaingizwa kwa OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bure. Hawakungoja waitwe kwa ukumbi.

Halafu kuna hii ya michezo. UN-Habitat, ambao makao yao makuu yako Gigiri hapa Nairobi, mwaka 2012 walianza na watengenezaji wa Minecraft mradi unaoitwa Block by Block. Wakazi, vijana wakiwa wengi, wanakaa na kompyuta wanajenga uwanja au barabara yao ndani ya mchezo: hapa benchi, hapa mtaro, hapa miti, hapa pa akina mama kuuzia. Uwanja wa Silanga kule Kibera ni mojawapo ya mahali pa kwanza palipofanyiwa hivyo. Mtu ambaye hajui kusoma ramani ya mhandisi anaweza kusoma mchezo. Na kijana ambaye hangeweza kumpinga mzee kwa baraza, anaweza kuhamisha benchi kwa kompyuta na mzee akaona kwa macho yake kwa nini benchi inafaa kukaa pale.

Kwa hivyo ni nyenzo tu zinabadilika. Wakati mwingine ni GPS, wakati mwingine ni Minecraft, wakati mwingine ni kipande cha mkaa na sakafu ya simiti. Cha maana ni kwamba anayeishi mahali ndiye anashika kalamu kwa muda, na wakubwa wanaangalia.

Ukweli mchungu

Sitaki kuwauzia ndoto. Oktoba na Novemba 2021 tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kufungua njia ya barabara. Maelfu ya familia zikabaki bila nyumba, wengine wakalala juu ya vifusi vya nyumba zao kulinda mahali. Hii ni Mukuru ile ile ambayo watu walikaa milango kumi kumi wakajadili barabara ipite wapi.

Kuna watu walitumia hilo kusema, "Mnaona? Maoni hayana kazi." Naelewa wanakotoka. Ukishaona mtoto akitafuta daftari zake kwa vifusi, mambo ya vifungu vya sheria yanaonekana mzaha.

Lakini mimi nimekaa nalo nikafika mahali pengine. Tingatinga haikuthibitisha kwamba kuuliza watu ni bure. Ilionyesha kwamba maoni yakikusanywa vizuri halafu yakaachwa bila mlinzi, mwenye haraka atayapita. Maoni yanahitaji vitu viwili baada ya kukusanywa. Cha kwanza ni jibu: mlisema hivi, tumekubali hili, lile tumelikataa, na sababu ni hii. Cha pili ni maandishi yenye muhuri ambayo mtaa wenyewe umeweka nakala yake, ili mtu akija na mashine usianze kutafuta ushahidi asubuhi hiyo. Na hata pale, wale wa kwa Njenga waliokuwa wamejipanga tayari walijua majirani zao ni kina nani, nani alikuwa anaishi wapi, na ni nani wa kusema kwa niaba ya wengine. Mtaa usiojuana hauna hata hiyo.

Milango kumi ya ploti yetu

Baada ya ule mkutano wa soda, mimi na mathe na jirani zetu wawili tuliamua tusingoje mkutano mwingine. Jumapili jioni, wakati kila mtu ako nyumbani na nguo zimeanuliwa, tuliita milango kumi ya ploti yetu pale uani. Hakuna soda. Mathe alileta chai kwa sufuria, mtu akaleta mandazi.

Wazo la nyumba kumi si geni. Tanzania wamekuwa na balozi wa nyumba kumi tangu enzi za Mwalimu Nyerere, na sisi serikali ilituletea Nyumba Kumi mwaka 2013 kwa sababu za usalama. Sisi tuliitumia kwa kitu kingine. Nilichora mtaa kwa chaki chini, stage hapa, msikiti hapa, shule hapa, kibanda hapa. Halafu nikauliza maswali matatu tu: ni wapi unapita kila siku? Ni wapi unaogopa? Ni kitu gani kikiondolewa maisha yako yanaharibika?

Hatukukubaliana. Mzee wa mlango wa nne ako na gari, na alisema wazi kwamba maegesho yanahitajika kwa sababu gari lake limeibiwa vioo mara mbili. Mathe hakufurahi, lakini alimsikiliza. Mwishowe ni yeye mzee mwenyewe aliyesema, "Lakini mama, si lazima yakae hapo kwako. Kule nyuma ya tangi la maji pako wazi." Kwa dakika ishirini watu kumi walikuwa wamepata kitu ambacho projekta haikupata kwa asubuhi nzima. Na msichana wa kidato cha pili, ambaye kwa ukumbi hangeitwa, ndiye aliyesema kuhusu kichochoro: wakikifunga, watoto watazunguka kwa barabara ya malori. Kesho yake asubuhi nikaenda kukaa hapo na simu. Nilipofika watoto mia mbili niliacha kuhesabu.

Tukafanya hivyo kwa ploti nyingine tano. Tukaandika kurasa tatu, Kiswahili rahisi, na mchoro. Tukapeleka nakala mbili ofisini, moja ikabaki huko, nyingine tukadai igongwe muhuri wa kupokelewa, tukarudi nayo. Iko kwa kabati la mathe, chini ya cheti cha kuzaliwa kwangu.

Jibu bado hatujapata. Kwa hivyo tumetumia kitu kingine ambacho wengi hatukijui: Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Mwananchi akiomba habari kwa maandishi kwa ofisi ya umma, anafaa kujibiwa ndani ya siku 21. Tumeomba ramani kamili, na ripoti ya ule mkutano wa Jumatano, ndio tuone ni nini kiliandikwa kwa daftari wakati sisi tunasema ndio. Tukinyimwa, kuna Tume ya Haki ya Utawala ya kupokea malalamiko. Si lazima upigane na mtu. Ni barua tu, tarehe, na subira.

Kwa hivyo ukisikia mtaa wenu unapangwa, usiulize kwanza mkutano ni lini. Uliza haya: ramani iko wapi nione kabla ya siku yenyewe? Chaguzi ni ngapi, na kila moja inaondoa mlango wa nani? Mpangaji ataulizwa, ama ni mwenye ploti peke yake? Kikao kitakuwa saa ngapi, na kwa lugha gani? Na jibu la maoni yetu litarudi kwa njia gani, tarehe gani? Ofisi ikiwa na majibu ya hayo matano, nenda kwa mkutano ukiwa na moyo mkunjufu, unywe hata soda mbili. Ikikosa, nunua chaki. Ni shilingi kidogo tu, na majirani kumi huwezi kukosa.

Mtaa wenu je, uliulizwa nini mara ya mwisho? Na ungeulizwa wewe, ungeonyesha kona gani?